Fungu Langu la Ngitili

Baba alipokufa alituachia ng'ombe, mashamba ya pamba na ngitili. Ng'ombe tuligawana bila kelele nyingi. Mashamba yalikuwa yameshagawanywa tangu akiwa hai, maana kila mtoto wa kiume alipooa alikatiwa lake. Ngitili ndiyo iliyotushinda. Mpaka leo nikipita pale natamani kumtukana mtu, ila sijui nianze na nani, kwa kuwa wote tumetoka tumbo moja.

Kwa asiyeijua, ngitili ni malisho ambayo familia ya Kisukuma huyafunga mvua zinapoanza. Masika yote ng'ombe wanakula kwingine, kwenye majani ya njiani na ya mbugani, na ndani ya ngitili haingii hata mbuzi. Majani yanarefuka, yanakomaa, yanakaukia pale pale yaliposimama, na miti inaachwa kama ilivyo. Kiangazi kikishakolea, huko nje ardhi nyeusi imepasuka na upepo unatimua vumbi, ndipo mwenye ngitili anaifungua. Bila hiyo akiba maksai wanafika kwenye mvua ya kwanza wakiwa mifupa, na maksai akiwa mifupa hakuna kulima, na pasipo kulima hakuna cha kuuza wala cha kula. Ndivyo tulivyoishi, na walioishi kabla yetu.

Baba hakuwa mtu wa kusifia ndege na maua. Alikuwa mkali, mgumu wa kutoa, na ungemletea habari za mazingira angekuuliza kama umeshiba. Lakini kwenye ngitili yake shoka halikuingia. Kuni tuliokota zilizoanguka zenyewe. Mbuzi wetu mmoja aliwahi kupenya kwenye uzio wa minyaa, akachapwa mbuzi, nikachapwa na mimi niliyekuwa nikimchunga. Siku ya kufungua, baba mwenyewe alivuta matawi ya miiba mlangoni asubuhi, akaingiza ndama na maksai kwanza, baadaye ng'ombe wanaokamuliwa, na wale wengine wakangoja zamu yao wakilia. Jirani mwenye ng'ombe mgonjwa aliruhusiwa kumleta. Jirani mwenye ng'ombe mzima na uvivu wa kufunga ngitili yake alirudishwa, hata kama alikuwa rafiki wa kunywa naye.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na cherehani yangu, nikajengewa nyumba ndogo pembeni ya mji wa baba, na barazani nikawa nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Nina wadogo wawili wa kiume. Anayenifuata ni mkulima wa pamba, mchapakazi kweli, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu maji. Kitinda mimba anaishi Bariadi mjini, ana pikipiki na maneno mengi. Nawataja hivyo ili ieleweke kwamba sina wadogo wahuni. Ingekuwa rahisi kwangu kama wangekuwa wahuni.

Aliyetaka ngitili igawanywe ni mama. Aliogopa wanawe wasije wakagombana akiwa kaburini, akasema kila mmoja apewe chake mapema ili pasiwe na neno. Tukakaa, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, na yeye akakumbusha kwamba siku hizi sheria inamtambua na mtoto wa kike. Hapo sikukasirika, sitaki kujifanya. Lakini nilisema wazi kwamba ngitili haigawanywi. Nilisema ibaki moja, tuifunge pamoja na tuifungue pamoja, na zamu za kulinda tupangiane. Kitinda mimba akacheka akasema dada anataka kuwa mtemi. Wakacheka wote, hata mwenyekiti. Nikazidi kueleza, wakatia pamba masikioni, na pamba kwetu haikosekani.

Wakapima kwa kamba ya katani. Kamba ilivutwa kwa haki kabisa, hakuna aliyepunjwa hata hatua. Mdogo wangu anayenifuata akapata upande wa juu wenye udongo mzuri, kitinda mimba akapata katikati penye migunga mikubwa, mimi nikapewa upande wa chini, kwenye mawe na mikwaju, karibu na kijito kinachokauka kila mwaka. Wakapanda vijiti vya minyaa mipakani. Mama alifurahi siku ile, akachinja kuku. Nikala nyama ya kuku yule, na tangu siku ile ninajua kwamba kitu kinaweza kuuawa kwa haki tupu, bila mtu hata mmoja kudhulumiwa.

Maana ngitili ikishakatwa vipande si ngitili tena. Ng'ombe hawasomi mipaka. Kipande kidogo ukikifunga peke yako unalinda pande zote, na jirani aliye nje ya uzio wako ni ndugu yako, ambaye huwezi kumshtaki kwa sungusungu bila kuonekana umerogwa. Baba alijua hilo, ndiyo maana wakati wake haikuwahi kutajwa habari ya kugawana. Sisi tulijua pia. Tulichofanya tulikifanya kwa macho yetu mawili, kwa ajili ya amani ya nyumbani.

Mvua zilizofuata, anayenifuata akapeleka plau kwenye fungu lake akapanda pamba. Nilimfuata shambani kumuuliza. Akasimamisha maksai, akafuta jasho, akaniamkia vizuri, halafu akasema ana watoto wa kusomesha, shamba lake la zamani limechoka, na ardhi ile ni yake. Nikamuuliza ng'ombe wake atawapeleka wapi kiangazi. Akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikamwambia Mungu ndiye aliyempa ngitili. Akageuza maksai akaendelea na mstari wake.

Kitinda mimba hakulima. Yeye aliita watu wa mkaa. Walikuja na mashoka na misumeno, wakalala pale kwenye turubai, wakachimba matanuri, na moshi ukawa unanifuata mpaka kwenye vitambaa vya wateja wangu. Migunga ile niliijua mmoja mmoja, kwa jinsi mtu anavyojua milango ya nyumba alimozaliwa. Fuso lilikuja kubeba magunia mchana kweupe, dereva akanipungia mkono. Nilipompigia simu mdogo wangu alikuwa na jibu tayari.

"Dada, mbona unanung'unika? Mimi fungu lako sijaligusa."

Na kweli hakuligusa. Mvua ndiyo iliyoligusa. Maji yaliyokuwa yakitulia kwenye majani na mizizi ya katikati sasa yalishuka mbio kwenye udongo mtupu, yakaingia kwangu yakiwa mekundu, yakachimba korongo la kumfika mtu kiunoni. Nikajaza mawe na matawi ya miiba, mvua nyingine ikayabeba. Wakati huo mwenye pikipiki alikuwa mjini anakula chipsi, na haki yake imetimia.

Mwaka ule ule ikaja siku ya kupanda miti. Wageni walikuja na gari, wakaleta miche na fulana za kijani, na watu wakaombwa wajitokeze. Anayenifuata alijitokeza, ni mzee wa kanisa, lazima ajitokeze. Kitinda mimba alikuja kwa pikipiki, maalumu kwa ajili ya fulana. Wakapigwa picha wameinama, kila mmoja ameshika mche kwa vidole viwili kana kwamba ni kifaranga. Mgeni mmoja alihutubia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akasema viwanda vya nchi za mbali vinatuharibia mvua. Watu wakaguna kwa kukubali. Inawezekana kabisa anasema kweli, mimi viwanda hivyo sijaviona. Lakini nilitazama nyuso za wadogo zangu nikaona zimepata nafuu. Tangu siku ile ukimuuliza mtu yeyote kijijini kwetu nani amemaliza miti, atakuonyesha upande wa ng'ambo. Miche ile ililiwa na mbuzi. Fulana bado zipo, wanalimia.

Fungu langu nililifunga. Nilikuwa na ng'ombe wawili tu, na kwa ng'ombe wawili mtu hahitaji uchungu wote ule. Wengi waliniuliza nalinda nini. Nilijua tu kwamba pale palikuwa na majani, mikwaju, kanga wanaotaga, na nyuki kwenye shina moja lenye tundu, na kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoitwa kwenye kikao kilichopima kamba. Sisi tuliketi tukajigawia kitu ambacho si sisi tuliokiumba, na baadaye tukawa tunaambiana "changu" na "chako". Mimi pia nilikuwa nasema "langu". Ila nilipolisema nilimaanisha kwamba likiharibika nitaulizwa mimi, na nadhani wenzangu walimaanisha kwamba hawataulizwa.

Kwa misimu kadhaa mvua zilitosha, na nikaonekana mpumbavu anayefuga majani. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa yameanza kutoa mbelewele, majaruba ya mpunga yakapasuka, na hata pamba, ambayo huvumilia, ilifungua vitumba vidogo vya kutia huruma. Ng'ombe walimaliza mabua, wakamaliza majani ya kando ya barabara, wakaanza kula makaratasi karibu na soko. Na upande wa chini wa ile iliyokuwa ngitili ya baba, majani yalisimama ya njano, yanafika kiunoni.

Anayenifuata alikuja asubuhi. Akaniamkia kwa heshima zote, "Mwangaluka, dada," akaketi, akauliza habari za cherehani, akauliza habari za mgongo wangu. Hatimaye akasema maksai wake wamelegea. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilikuwa nimeyapima majani yale kwa macho kila siku: yakifunguliwa mwezi ule yangeisha kabla mvua haijafikiriwa, yakifunguliwa baadaye, kwa maksai wa familia na ng'ombe wenye maziwa, yangewafikisha. Nilimweleza hivyo, polepole. Hakubisha. Aliinuka akaenda kwa mama.

Mama alikuja jua likiwa kali, akitembelea fimbo. Nikamwekea kigoda, nikampa maji, hakuyanywa. Alikaa barazani kwangu akitazama vitambaa. Alichosema alikisema kwa Kisukuma, na nakiandika kwa Kiswahili bila kupunguza kitu.

"Kati ya majani na ndugu yako, kipi kimetoka tumboni mwangu?"

Nimelifikiria swali lile kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, na linaniudhi hadi leo. Linaniudhi kwa sababu halina jibu ambalo mtoto anaweza kumpa mama yake. Majani hayana mama wa kuja kuketi barazani kwa mtu na fimbo. Hayana mkwe wala shemeji, hayana wa kuyalilia. Ukiyakosea, hakuna anayekuja kukusuta, na ukimkosea ndugu, kijiji kizima kitakusuta. Ndiyo maana kila siku tunachagua ndugu na tunajiona tuna utu. Nilitaka kumwambia mama kwamba majani yale ndiyo yatakayomlisha huyo wa tumboni mwake, lakini alikuwa ameshaanza kulia kimya kimya, na mimi machozi ya mama yananishinda.

Nikafungua. Nilivuta miiba mwenyewe. Tukakubaliana na mdogo wangu mbele ya mama: maksai wake na ng'ombe wanaokamuliwa tu, mpaka nitakaposema vinginevyo. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akashukuru. Sina shaka alikuwa anamaanisha.

Wiki ile nilikuwa na kazi ya sare, nikaenda Bariadi kutafuta nyuzi na vifungo, nikalala kwa rafiki yangu kwa sababu cherehani ya kudarizi niliyotaka kuiazima ilikuwa na foleni. Niliporudi nilisikia kengele kabla sijaona kitu. Kengele zilikuwa nyingi mno. Ndani ya fungu langu kulikuwa na ng'ombe wake wote, na kulikuwa na ng'ombe ambao sikuwafahamu, wenye alama za watu wengine masikioni, wameenea mpaka kijitoni. Uzio ulikuwa umevunjwa mahali pengine ili wapate njia ya kupita.

Walikuwa ng'ombe wa wakwe zake. Wameswagwa kutoka upande wa Lalago, ambako hali ilikuwa mbaya kuliko kwetu, na walipofika kwake kuomba msaada aliona aibu kusema hana pa kuwaweka. Kwetu ng'ombe wa mkwe hawarudishwi. Unaweza kumnyima mkwe chakula ukapata namna ya kusema, lakini ng'ombe wake waliokonda wakifika zizini kwako unawapokea, unaua kuku, unasema karibuni. Alinieleza yote hayo amesimama mbele yangu, ameshika kofia yake.

"Dada, ningewaambiaje wakwe zangu?"

Nilimtukana. Nilisema maneno ambayo mwanamke anayeshona magauni ya kwaya hapaswi kuyajua. Alivumilia, na uvumilivu wake ukanikasirisha zaidi, maana aliamini amefanya wema, na ameufanya kwa mali ya mwingine, na mwenyewe akabaki na sifa ya ukarimu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alimrudisha hata rafiki yake. Ukali wake wote wa ngitili, ambao tulidhani ni roho mbaya, ulikuwa ni kazi ya kusema hapana kwa niaba ya kitu kisichoweza kujisemea, na kazi hiyo haipendwi na mtu.

Majani yaliisha kabla mwezi mwingine haujaandama. Ng'ombe walipomaliza majani wakabandua magome ya mikwaju michanga, wakang'oa mizizi, wakaacha udongo umesagika kama unga. Nyuki walihama. Wakwe walipoona hakuna kitu tena waliswaga mifugo yao wakaondoka kuelekea upande wa Mkula, kutafuta ziwa, wakiaga kwa shukrani nyingi. Mvua ilipokuja, maksai mmoja wa mdogo wangu aliinuka kwenda kulima, akavuta plau mstari mmoja na nusu, akalala chini. Hawakuweza kumwinua. Tulikula nyama yake nyembamba, na wakati wa kula kila mtu alisema mwaka ulikuwa mbaya.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko maksai na kuliko majani. Mwaka ulikuwa mbaya, basi. Hakuna aliyefanya kitu. Mwenye pamba alikuwa na watoto wa kusomesha, mwenye mkaa alikuwa na haki yake, mama alitaka amani, wakwe walikuwa na shida, na mimi nilimwonea mama huruma. Kila mmoja wetu ana sababu ambayo ukiisikia utaikubali. Ukizijumlisha sababu hizo zote nzuri unapata lile korongo.

Mwaka huu mvua zimeanza vizuri. Wiki kadhaa zilizopita, baada ya ibada, waliniita kwa mama. Wote wawili walikuwepo, hata mwenye pikipiki amekuja, kukawa na wali na soda. Nikajua kuna jambo. Anayenifuata ndiye aliyesema. Alisema wamekaa wamefikiri, wameona kwamba mimi nilikuwa na akili, na kwamba mwaka huu nifunge mapema, tena wao watanisaidia kukata miiba, ili kiangazi familia iwe na pa kukimbilia. Kitinda mimba akaongeza kwamba mimi ndiye mama mazingira wao, akanicheka kwa upendo.

Nikawauliza mafungu yao vipi. Anayenifuata akasema lake unajua lina pamba. Kitinda mimba akasema lake sasa halina hata kitu cha kufunga. Walisema bila aibu yoyote, wakinitazama kwa macho ya watu wanaongoja kuitikiwa. Wamenigawia na mimi kitu kingine sasa, wamenigawia dhamiri, ya kwangu na ya kwao, nikae nayo upande wa chini kwenye mawe, na wao wakiihitaji watakuja kuichunga.

Nilisema nitafunga. Wakafurahi. Nikasema nitafunga, na kiangazi sitafungua kwa ng'ombe wa mtu mwingine yeyote, mpaka wao wawili nao wafunge mafungu yao, hata kama ni vumbi tupu, walifunge hivyo hivyo liote kitakachoota. Wakatazamana. Mwenye pamba akasema hilo tutalizungumza kiangazi kikifika. Nilimwelewa. Anajua kiangazi kikifika atapita njia gani.

Kwa hiyo niligeukia mama, aliyekuwa anachambua choroko kwenye ungo.

"Mayu," nikamwambia, "kiangazi kikija, usije barazani kwangu."

Soda haikumalizika. Mdogo wangu alisema nimemkosea mama adabu, na ni kweli nimemkosea. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye choroko.

Uzio nimeujenga peke yangu. Mikono imechanika, wateja wanalalamika nguo zina madoa ya damu. Kwenye korongo nimepanga mawe tena, safari hii yameshika, na majani yameota mpaka ukingoni. Mama anapita hapa kila siku kwenda kisimani na kurudi. Tunaamkiana. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu, hata kuomba chumvi.